Pango Lililopanda Juu

Watalii wengi hushuka kwenye basi la bure pale Maricopa Point, wakapiga picha tano sita, wakapanda basi linalofuata. Mimi nilishinda pale tangu asubuhi hadi jua la utosi, na kilichonishika ni uzio. Njia ya miguu inayoambaa ukingo wa kusini wa Grand Canyon, jimboni Arizona, inafika mahali inaukimbia ukingo na kuzunguka waya kabla ya kurudi tena Powell Point. Ukichungulia ndani utaona majani makavu na udongo uliowahi kuchokorwa, basi. Mnara wa chuma uliokuwa ukivuta mawe kutoka chini umekwishang'olewa. Huo ndio mgodi wa urani wa Orphan, yaani Yatima.

Ili kumjua yatima huyu, tazama kwanza ukuta wa ng'ambo. Juu kabisa kuna mawe chokaa ya Kaibab, rangi ya karatasi kuukuu. Chini yake ni genge jeupe la Coconino, na hapo mtu mwenye darubini asiharakishe: mistari yake haikulala sawa, imekaa mshazari, hivyo hivyo upepo ulivyoiacha ilipokuwa matuta ya mchanga. Ni jangwa la kale lililogeuka jiwe, ndani ya nchi ambayo leo nayo ni jangwa. Zinafuata ngazi nyekundu za Hermit na Supai, kisha genge refu linaloitwa Redwall, ukuta mwekundu. Jina hilo lina uongo kidogo. Ukilivunja jiwe lake, ndani ni la kijivu. Wekundu umechuruzika kutoka tabaka za juu, kama ukuta wa chokaa chini ya bati lenye kutu baada ya masika kadhaa.

Na hadithi ya urani imeanzia humo humo Redwall. Mawe chokaa huliwa na maji, nayo Redwall ilitobolewa mapango zamani sana, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kabla Coconino na Kaibab hazijawekwa. Mzigo ulipoongezeka juu, dari la pango likaporomoka. Lakini dari likianguka, uwazi hauishi. Unahama tu, unapanda hatua moja. Dari jipya nalo likaanguka, na jingine, na jingine. Aliyewahi kuona choo cha shimo cha zamani kikititia anaelewa: kinachoanza chini hatimaye hutokea uani. Ndivyo pango lilivyopanda kupitia tabaka moja baada ya nyingine, likiacha nyuma yake nguzo ya mawe yaliyovunjika, mekundu na meupe yamechanganyika. Nguzo za namna hii ziko nyingi kaskazini mwa Arizona. Upana wake kwa kawaida ni kama mita 90, lakini urefu wake unaweza kufika mita 900.

Kifusi kina nafasi kati ya jiwe na jiwe, na maji hupenda nafasi. Yapata miaka milioni 200 iliyopita yalipita maji yaliyobeba urani. Urani husafiri vizuri katika maji yenye oksijeni; ikikutana na madini ya salfa yanayoinyang'anya oksijeni hiyo, inashindwa kuendelea na safari na kutua papo hapo, nyeusi na nzito. Katika Orphan ilitua zaidi kwenye pete ya nyufa inayoizunguka nguzo.

Mtafuta madini Daniel Hogan hakuyajua hayo. Mwaka 1893 aliona madini ya shaba kama mita 300 chini ya ukingo, akadai eneo hilo, na mwaka 1906 akapewa hati ya ekari 20 hivi. Hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1919, ekari hizo zikabaki kisiwa cha mtu binafsi katikati yake. Urani ilitambuliwa mwaka 1951. Uchimbaji ulianza 1956 ukakoma 1969, na zilitoka karibu tani 2,000 za oksidi ya urani, kila tani ya mawe ikitoa kama kilo 4. Malori yalipeleka mawe hadi Tuba City, katika ardhi ya Wanavajo, yakasagwa huko. Utajiri ukaenda zake. Taka zikabaki kwa Wanavajo.

Kinachonisumbua zaidi, na kunivutia, ni kwamba kemia ile ya urani na oksijeni ni mlango unaofunguka pande zote mbili. Mgodi uliingiza hewa mahali ambapo haikuwa imefika kwa miaka mamilioni, na urani ikipata tena oksijeni na maji, huyeyuka na kuanza safari upya. Chini ya uzio kuna korongo dogo la Horn Creek. Wasimamizi wa hifadhi huwaonya watembea kwa miguu wasinywe maji ya kijito hicho, isipokuwa kama njia nyingine iliyobaki ni kufa kwa kiu.

Nilikitafuta kwa darubini, nikaona mstari mwembamba wa kijani kati ya miamba iliyoungua, mzuri ajabu, ungedhani ni bustani. Nikaitikisa chupa yangu. Yalibaki mafunda mawili, na basi lilikuwa linapanda kona.