Paa la Turubai

Kibanda cha Fundi kilichokuwa katika uchochoro mmoja nyuma ya Mwembe Tayari, mjini Mombasa, kimebomolewa mwezi huu kupisha jengo la maduka, na kwa kuwa hakuna gazeti litakaloitaja habari hiyo, wala kibao kitakachobandikwa ukutani kuwaarifu wapitao ni kazi gani iliyotendeka pale, nimeona si vibaya niiandike mimi, ambaye utotoni nilitumwa pale mara nyingi kupeleka kilichopasuka na kuchukua kilichoshonwa, na ambaye, kabla ya kuwa na umri wa kutumwa, nililazwa ndani ya kitambaa kilichopita mikononi mwake.

Atakayekikumbuka kibanda kile ataikumbuka kwanza harufu yake, kwani macho yalichelewa kulizoea giza la ndani ilhali pua ilikwisha kupata habari tangu mtu yu nje: nta iliyoyeyushwa katika kopo la maziwa, ambamo uzi wa pamba ulipitishwa usije ukaoza kwa maji ya chumvi, ngozi iliyolowekwa usiku kucha, gundi ya mpira iliyolevya kichwa, sifa, yale mafuta ya papa yapakwayo mbao za vyombo, yaliyogandamana katika matanga makuukuu, na juu ya yote hayo, kila alasiri, buni iliyokaangwa na muuza kahawa wa jirani. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mchache wa maneno, kofia yake ya viua haikumtoka kichwani, na katika kiganja cha kulia alivaa kipande cha ngozi nene kilichoshonewa kibati katikati, ambacho kwacho aliisukuma sindano ndefu ya pembe tatu kuipenyeza katika mikunjo minne ya turubai pasi na kukunja uso. Watoto tulimtazama kwa taadhima. Hakutufukuza, wala hakutusemesha.

Asili ya kazi yake ilikuwa matanga. Alijifunza kwa babake, aliyekuja kutoka Lamu, na wote wawili walitegemea Bandari ya Kale katika zama ambazo kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi, yakatia nanga kwa wingi hata mtu wa gharibu angedhani ni msitu umeota baharini. Na chombo kilichosafiri masafa yale aghalabu kilifika na tanga lililochanika, kwa hiyo tangu Disemba hata Machi Fundi hakuwa na nafasi ya kupumua. Kusi ilipovuma, vyombo vikarejea kwao, na fundi mwenye watoto hawezi kula upepo. Ndipo alipojitia katika kazi tatu za ziada: kushona viti, kushona susu za kulazia watoto kwa vipande vilivyosalia vya matanga, na kushona mapaa ya magari ya wazi.

Magari hayo hayakuwa mengi. Mawili matatu ya Waingereza, moja la daktari wa Kihindi, na moja ambalo ndilo sababu ya makala haya, la jirani yetu wa Kibokoni, mfanyabiashara wa mbata na karafuu, tuliyemwita Ami kwa heshima ya ujirani ingawa hatukuwa na nasaba naye. Lilikuwa Mercedes-Benz 220SE la milango miwili, la silinda sita, rangi ya maziwa, viti vyake vya ngozi nyekundu iliyoiva, ubao wa mbele umeng'arishwa hata ukajiona uso. Kaka yangu mkubwa ashikilia kwamba lilishushwa bandarini mwaka 1960, jambo lisilowezekana, maana kiwanda kilianza kulionyesha umbo lile la gari la wazi mwaka 1961. Mimi ningesema 1962, dada yetu asema ni mwaka uliofuata kwa kuwa ndio mwaka wa harusi yake. Tuliache. Yatosha kusema kwamba lilikuja kabla ya bendera kubadilishwa, na baada ya bendera kubadilishwa lilikuwa bado ni lile lile.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza: gari la kufunuliwa lina kazi gani Mombasa? Waliolitengeneza ni watu wa baridi, ambao jua kwao ni mgeni, na mgeni akitokea saa sita za mchana humfungulia kila mlango. Sisi jua tunalo la kugawa sadaka. Ngozi ile, ikiachwa wazi adhuhuri, iliweza kumchoma mtu akasahau heshima yake. Masika yalipoingia, maji yalipenya penye maungio. Chumvi ya bahari ikazila bawaba za mbavu za chuma zilizolibeba paa. Ukungu ukaota katika pamba iliyojazwa baina ya kitambaa cha juu na cha ndani. Kila baada ya misimu miwili Ami alilipeleka gari kwa Fundi, na Fundi akalivua paa lote, akalitandaza chini kama alivyolitandaza tanga, akalipima kwa shubiri, akalishona upya, na kwa kazi hiyo akatoza ujira ambao baba yangu alipousikia alisema la haula.

Palikuwa pia na suala la sitara. Wanawake wa Kibokoni wa miaka ile hawakutembea mchana ila kwa haja, na walipotembea walijifunika buibui. Wakongwe wao walikuwa wakihadithia shiraa za Lamu, lile hema la nguo lililobebwa na watumwa juu ya miti, ambalo ndani yake bibi wa nasaba alikwenda kuzuru jamaa bila kuonekana hata kisigino. Sasa bwana mwenye shaukati zake anunua gari ambalo fahari yake yote ni kuondoa kifuniko! Watu walisema. Ami akawajibu kwa vitendo: mchana paa lilifungwa, naye akapanda peke yake na dereva wake, maana mwenyewe hakujua kuendesha na hakutaka kujua, lakini baada ya sala ya Isha, gari likipakia wanawake, liliondoka limefungwa, likapita polepole chini ya roshani, na lilipoipita Ngome na kufika penye miti na giza, dereva alishuka, akafungua vifungo viwili, akalikunja paa likalala nyuma, na upepo wa Kilindini ukaingia. Nimewahi kupanda magari ya namna nyingi tangu siku hizo na sijapata kuonja buraha mfano wa ile dakika. Mama yangu, ambaye mchana hakupandisha sauti, alicheka. Bibi alivuta pumzi na kusoma aya.

Lakini sisi hatukupandishwa gari lile kwa ajili ya kustarehe. Tulipandishwa kwa ajili ya mdogo wangu.

Mtoto huyo alizaliwa na chango, na kuanzia magharibi hata usiku wa manane alilia kilio cha mtu aliyedhulumiwa mirathi. Hapana dawa iliyoachwa. Alivishwa mvuje katika kitambaa cheusi, ukanuka nyumba nzima. Akakandwa tumbo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Mwalimu akaandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi, akaonjeshwa. Akanyweshwa ile graipiwota ya Woodward's, iliyokuwa imetengenezwa Uingereza tangu 1851, ambayo wazee wetu waliitia vinywani mwa watoto kwa bismillahi pasi na kujua kwamba katika mchanganyiko wake wa asili, pamoja na sukari na mafuta ya bizari, mlikuwamo pombe. Allah ni mwingi wa kusamehe. Akatiwa susu, kipande cha tanga kilichoning'inizwa kwa kamba juu ya kitanda cha mama, nasi watoto tukapokezana zamu ya kuisukuma. Alinyamaza muda susu ilipokwenda, akaanza upya pale mkono wa mmoja wetu ulipoteleza kwa usingizi.

Ami, ambaye hakuruzukiwa mtoto, alikisikia kilio kile ukutani. Mwanamume wa siku zile hakuweza kuingia kwa jirani kumbembeleza mwana. Alichoweza ni kumtuma dereva abishe hodi na kusema kwamba gari liko chini, na kwamba Bibi akipenda kupunga upepo pamoja na binti yake na watoto, hapana wa kuwaharakisha.

Mtoto alilala kabla ya kufika Azania Drive, ile ambayo leo ni Mama Ngina. Alipakatwa mapajani, bila mkanda wala kiti cha mtoto, na daktari wa leo angelitukaripia kwa haki. Dereva aliigundua siri upesi: gari lisimame, mtoto aamke. Basi akaliendesha kwa gia ya tatu, taratibu, pasi na kukanyaga breki, toka Laitihausi hadi karibu na kivuko cha Likoni, akageuka, akarudi. Pale Laitihausi watu walikuwa wameegesha magari kuikabili bahari, wakila muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, nasi tulioketi nyuma tuliupita moshi wa makaa, tukaupita tena, tukaupita tena, mate yakitujaa vinywani, tukimwomba Mola mtoto alale fofofo ili dereva athubutu kusimama. Alithubutu usiku mmoja. Mtoto akapiga ukelele, na muhogo tukaula tunakwenda, pilipili ikidondoka juu ya ngozi nyekundu, Bibi akiifuta kwa ncha ya leso kabla ya dereva kuona.

Nilimsimulia Fundi habari hizi nilipopelekwa kuchukua susu iliyokatika kamba. Alikuwa amelala chali chini ya mbavu za gari lile lile, akipigilia kitambaa. Akasema, bila kunitazama, kwamba tajiri na mtoto mchanga ni wamoja, wote wataka kitambaa chema na mtu wa kuwatikisa, ila mmoja wao ndiye anayelipa. Kisha akanipa susu, wala hakupokea pesa. Baadaye sana nilifahamu kwamba susu zote za mtaa wetu zilishonwa kwa ujira uliotoka katika paa la Ami.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Petroli ilipopanda bei mwaka 1973, safari za usiku zilikoma, Ami akafariki, gari likakaa chini ya mkungu miaka, paa likiota ukoga, kisha akaja mnunuzi kutoka Nairobi, na baada yake, nasikia, mnunuzi kutoka Ulaya, ambako magari ya aina ile sasa huuzwa kwa thamani ya nyumba. Majahazi yakapungua hata kaskazi ikawa inakuja mikono mitupu. Fundi alishona viti vya matatu, akashona maturubai ya malori, akafa, na wanawe wako Ghuba. Mji ukajaa magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, yasiyozidi umri wa miaka minane yanapoingizwa nchini, kama sheria inavyotaka, yote yamefungwa, vioo vyeusi, baridi ya mtambo ndani, kila mtu amejifungia upepo wake binafsi ufukweni mwa bahari itoayo upepo wa bure. Gari la wazi likionekana ni la kukodi, limebeba bwana harusi na mpiga picha. Pale Laitihausi pametengenezwa bustani ya kisasa, ikazinduliwa Sikukuu ya Mashujaa mwaka 2019. Ni pasafi, sikatai, ila yule muuza muhogo niliyemzoea sijamwona tena.

Mjukuu wangu aliyejifungua juzijuzi amenionyesha jinsi anavyomlaza mwanawe. Huiweka simu kando ya kitanda, na simu hiyo hutoa mvumo wa gari linalokwenda usiku, gari lisilokuwapo, saa nzima. Nilipoguna alinisomea elimu: kwamba wataalamu wa taasisi ya RIKEN huko Japani walieleza mwaka 2013 kuwa mtoto mchanga akibebwa na mama anayetembea hutulia mara moja na mapigo ya moyo wake hushuka, na kwamba mwaka 2022 wakaongeza kuwa abebwe dakika tano, kisha mama aketi naye dakika tano hadi nane ndipo amlaze. Nikamuuliza, ukishayajua hayo, mbona umembebesha simu? Akacheka. Nikamtolea picha ya gari la Ami, Bibi ameketi mbele na furushi jeupe mapajani. Akaitazama kwa makini, akasema, "Babu, maskini, paa lake lilipasuka?"

Juma lililopita simu iliisha chaji na umeme ulikuwa umekatika. Mtoto alilia tangu magharibi. Nilishuka barabarani nikasimamisha tuktuk, nikampandisha mama mtu na mwanawe, nikamwambia kijana dereva atupeleke Mama Ngina, polepole, asisimame popote. Turubai lilipigapiga juu ya vichwa vyetu, pande zote mbili wazi. Tulipofika kivukoni mtoto alikuwa kimya. "Geuka," nikasema. Kijana akageuka, na tulipofika tena ufukweni nikasema, "Geuka tena." Akanitazama katika kioo.

"Mzee wangu," akasema, "kugeuka nitageuka hadi alfajiri. Lakini tuelewane kwanza, kila mzunguko una bei yake."

Tukapatana bei kwa kunong'onezana.