Kutoka Wanyange hadi Wanale: Safari ya Kuunga Picha

Basi la kutoka Busia lilipoipita Iganga, haikuchukua muda miwa ya Kakira ikatuzunguka. Nimekulia Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria hilihili, lakini Busoga, mashariki mwa Uganda, nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Nilishuka kabla ya kufika Jinja mjini, nikapanda boda hadi Wanyange.

Ukiwa juu ya kilima unaliona ziwa likijikunja kuelekea Jinja, mahali Mto Nile unapoanzia. John Hanning Speke alifika kwenye chanzo hicho Julai 1862, akayakuta maporomoko aliyoyaita Ripon. Maporomoko hayo yalimezwa na maji baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Anayetaka kuyaona leo hana budi kutazama picha za zamani. Nilikuwa nimekuja na kamera kwa sababu kama hiyo: mandhari ya nchi hubadilika, na picha moja nyembamba haitoshi kuihifadhi.

Nikaanza kupiga kutoka kushoto kwenda kulia. Kila picha niliipa theluthi moja ya ile iliyotangulia. Mwanga na fokasi niliviweka kwa mkono ili visibadilike katikati ya mfululizo, na kamera niliizungusha palepale juu ya stendi yake. Kila mfululizo ulipata folda yake.

Usiku nikawasha kompyuta. Ninatumia Hugin, programu huria iliyojengwa juu ya zana ambazo Mjerumani Helmut Dersch alianza kuzitoa mwaka 1998. Mwenye panorama moja, yaani picha pana iliyoungwa kutoka kadhaa, anaweza kuifungua Hugin na kubofya. Mwenye folda nyingi afadhali aandike amri, maana Hugin huja na programu ndogondogo zinazofanya kazi kwa kupokezana. pto_gen huorodhesha picha za folda. cpfind hutafuta alama zinazoonekana katika picha mbili jirani: ncha ya paa, tawi, kona ya ukuta. cpclean hutupa alama zisizolingana na nyingine. autooptimiser hukokotoa kila picha ilielekea wapi, na pano_modify hupanga ukubwa na kukata kingo. Mwishoni nona huzikunja picha zikae mahali pake, na enblend huyeyusha maungio yasionekane. Amri zote nikaziweka katika faili moja inayoingia folda baada ya folda, nikalala.

Asubuhi, mifululizo yenye mapaa, miti na miwa ilikuwa imeungana barabara. Ile ya maji matupu haikuungana. Sababu yake ni ya msingi: wimbi lililokuwa katika picha ya kwanza halipo tena katika ya pili, na programu haina pa kushika. Mawingu nayo huhama, ndiyo maana cpfind imepewa chaguo la --celeste, linaloziondoa alama zilizodondokea mawinguni. Kwa maji, dawa ni ya mpigapicha mwenyewe. Nilirudi kilimani nikapiga tena, safari hii kila picha ikiwa na kipande cha nchi kavu chini yake. Ziwa likaungana.

Kutoka hapo nilishika njia ya Tirinyi kwenda Mbale, kupitia Namutumba na vinamasi vya Mto Mpologoma vyenye mashamba ya mpunga. Kisha Wanale ukatokea, mkono wa magharibi wa Mlima Elgon, kuta zake za mwamba zikiusimamia mji mzima.

"Kaka, usiupige asubuhi," dereva wa boda aliniambia. "Jua linakuwa nyuma yake. Ngoja mvua ipite, jioni utaona maji yanavyoshuka."

Nilimsikiliza, na ilikuwa kama alivyosema. Jioni mwamba uling'aa, maporomoko membamba yakining'inia juu yake. Usiku ule faili ileile ya amri, bila kubadilishwa hata herufi, iliziunga picha za Wanale. Matabaka ya mwamba yaliipa cpfind alama tele.

Hapo ndipo nilipoona thamani kubwa ya njia hii. Miteremko ya Elgon haitulii: Machi 2010 maporomoko ya udongo yaliua watu wengi Bududa, na mwishoni mwa Julai 2022 mafuriko yaliipiga Mbale yenyewe. Panorama iliyopigwa mahali palepale kila mwaka na kuungwa kwa amri zilezile inaweza kumwonyesha mwenyeji msitu ulipopungua na ufa ulipoanza. Ikiungwa kwa kubahatisha, kila mwaka kwa namna yake, hailinganishiki na nyingine.

Kabla ya kuondoka Mbale nilimwachia mwalimu mmoja kijana nakala ya picha ambazo hazijaungwa, faili ya amri, na maelezo ya mahali stendi iliposimama. Panorama ya mwaka ujao ataipiga yeye.