Nani Alale Juu?



Likizo ndefu inakaribia, na siku hizi swali ninaloulizwa mlangoni mnapokuja kuwachukua watoto si la ngeli wala la methali. Mnaniuliza habari za safari. Mmoja anakwenda Beijing kwa treni ya usiku, mwingine Hainan, na familia mbili zinafikiria meli za kitalii za kule Nansha. Swali lenu ni moja: "Mwalimu, wewe ni nesi. Mtoto wangu anaweza kulala kitanda cha juu?" Nimeona nilijibu hapa kwa wote, maana mlangoni muda ni mfupi na watoto wana njaa.

Jibu fupi ni hili: mtoto ambaye hajatimiza miaka 6 asilale juu. Si nyumbani, si kwenye treni, si melini. Ndivyo wanavyoshauri hata madaktari wa watoto wa Marekani. Aliyevuka miaka 6 anaweza, lakini itategemea mtoto mwenyewe, kitanda chenyewe na usiku wenyewe. Jibu refu ndilo linalofuata, na naomba mlisome hadi mwisho hata kama hamsafiri, kwa sababu dabo deka nyingi ninazozihofia zipo humu humu mitaani kwetu.

Wengi wetu tuliosoma bweni tunazijua dabo deka. Kule kwetu kidato cha kwanza ndiye aliyepandishwa juu, na kaka na dada wakubwa walilala chini kwa raha zao. Juu ilikuwa adhabu ya ugeni. Kwa watoto wetu hapa Guangzhou mambo yamegeuka, juu ndiyo zawadi. Nyumba za Xiaobei ni ndogo, chumba kimoja watoto watatu, na kile kitanda cha juu kinakuwa kama nyumba yake mtu, hakuna wa kumgusa. Nilipofundisha juu, chini na katikati darasani, nikawauliza kila mmoja analala wapi. Watoto kumi na mmoja, saba wakapaza sauti, "Mimi nalala juu!" Mdogo kuliko wote kati ya hao saba ana miaka minne. Nilipoulizia kwa mama yake akaniambia, "Alilia sana mpaka kaka yake akampisha."

Basi hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Sisi wazazi tunampima mtoto mchana. Tunamtazama anavyopanda ngazi kama kima, anashuka, anapanda tena, tunasema huyu anaweza. Lakini mtoto anayepanda mchana si yule anayeshuka usiku. Yule wa usiku ameamshwa na mkojo, macho nusu yamefumba, gizani, hakumbuki kama yuko juu. Anaweka mguu pale anapodhani pana sakafu. Na akiwa safarini ni zaidi, maana kitanda si chake, na ngazi ambayo nyumbani iko kushoto hapa iko kulia.

Kabla ya kuhamia huku nilifanya kazi miaka mingi katika wodi ya watoto nyumbani Tanzania. Usiku mmoja, au tuseme alfajiri, aliletwa mvulana wa miaka saba. Alikuwa ameanguka saa nane za usiku kutoka dabo deka la chuma, lile la kuchomelewa na fundi wa mtaani, halina kizuizi chochote. Alilia kidogo, wakambembeleza, akalala. Karibu na asubuhi mama yake akaona mto umelowa, na sikio la kushoto linatoa maji maji mepesi kama ya kisimani. Wakadhani ni maji ya kuoga. Bibi akasema wangoje kukuche. Yule mama alikaa kwenye benchi letu akirudia sentensi moja tu: "Lakini nesi, anapanda vizuri sana." Fuvu lilikuwa limepasuka upande wa sikio. Tulimshukuru Mungu alikwenda nyumbani kwa miguu yake, lakini sikio lile halikusikia tena. Sentensi ya mama yule imekaa nami mpaka leo, na ndiyo inayonifanya niandike.

Sasa tuanze na kitanda cha nyumbani. Shika utepe wa kupimia nguo, uende chumbani kwa watoto.

Kwanza, kizuizi cha pembeni. Kanuni za Marekani zinataka kizuizi kipite juu ya godoro kwa inchi 5 angalau, yaani kama sentimita 13, na Ulaya wanataka sentimita 16. Angalia neno hilo: juu ya godoro, si juu ya mbao. Hapa ndipo tunapojikwaa sisi. Vitanda vya Kichina vingi vimepimiwa godoro jembamba au mkeka wa mianzi. Sisi tunapenda godoro la inchi 6 au 8, tunaliweka, na kizuizi chote kinamezwa. Ukiona godoro limelingana na ubao wa pembeni, ujue mtoto wako hana kizuizi, ana pambo.

Pili, upande wa ukutani. Watu husema ukuta ndio kizuizi. Hapana. Kitanda husogea kidogo kidogo, panabaki upenyo, na mtoto huteleza mwili ukapita kichwa kikabaki. Upande huo nao uwe na ubao. Mianya yote, ya vizuizi na ya chaga, isizidi sentimita 9. Kwa kipimo cha mama: ngumi yako ikipita kwa raha, mwanya huo ni mkubwa.

Tatu, chandarua. Mbu wa Guangzhou mnawajua, na watoto wengi wanatundikiwa chandarua juu kule. Chandarua kinazuia mbu, hakizuii mtoto. Mtoto huegemea wavu usingizini akidhani ni ukuta, akaenda nao. Hapo hapo niseme na mikanda, kamba za kuruka na mitandio: isifungwe wala kuning'inizwa kwenye kitanda cha juu hata siku moja. Na kama una feni ya dari, kitanda kisiwe chini yake wala karibu nayo.

Nne, taa ndogo ya usiku karibu na ngazi. Ni yuan chache tu. Na chini pasiwe na midoli, viti wala ile meza ya kioo.

Nawageukia pia akina baba na akina mama mnaopakia makontena. Mnanunua samani Lecong kule Foshan, vitanda vinafunguliwa vipande vipande ili vikae vingi, vinakwenda Dar na Mombasa. Tafadhali hakikisheni kila kitanda kimepakiwa na vizuizi vyake vyote viwili na ngazi yake. Ubao ukiachwa huku, kule fundi anaunga kitanda bila ubao, na mteja hajui kuwa ulikuwepo.

Tuje kwenye treni. Treni za usiku za hapa zina daraja la vitanda vigumu, sita katika kila sehemu bila mlango, vitatu vitatu: xiapu ndicho cha chini, zhongpu cha katikati, shangpu cha juu. Daraja la vitanda laini lina vinne na mlango unaofungwa. Mliowahi kupanda TAZARA mnaona undugu: ile reli yetu ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa na Wachina pamoja na watu wetu kati ya 1970 na 1975, na daraja lake la pili nalo lina vitanda sita kwa chumba. Kwenye vitanda vigumu vya hapa, shangpu kiko karibu na dari kiasi kwamba mtu mzima hawezi kukaa wima, na kizuizi chake ni kipande kifupi cha chuma ambacho hakifiki urefu wa kitanda. Kimewekwa kwa ajili ya mtu mzima anayelala ametulia. Mtoto halali ametulia, anazunguka kama saa.

Kwa hiyo kata tiketi mapema ili upate cha chini. Bei ya chini iko juu kidogo kuliko ya juu, na hiyo tofauti usiionee uchungu. Tangu 2023 tiketi za watoto zinahesabiwa kwa umri: ambaye hajafikisha miaka 6 anasafiri bure, mmoja kwa kila mtu mzima, lakini hapewi kitanda chake, mnalala pamoja. Mlaze ukutani, wewe ulale nje. Wa miaka 6 hadi kabla ya 14 anakata tiketi ya punguzo, na hapo ndipo unaweza kujikuta mtoto wako kapangiwa shangpu. Usinyamaze. Mwombe mhudumu wa behewa, au jirani: "Keyi huan xiapu ma?" Yaani, naweza kubadilishana nipate cha chini? Mpe ile tofauti ya bei na chungwa moja. Mimi sijawahi kunyimwa nikiwa na mtoto mkononi.

Wanaokwenda Hainan nawapa neno la ziada. Tangu Desemba 2004 treni za abiria huvushwa kwa meli katika mlango wa bahari wa Qiongzhou, na abiria mnabaki ndani ya treni. Kwa hiyo watoto wanalala kitandani, kitanda kiko ndani ya treni, treni iko ndani ya meli. Wanangu walicheka wiki nzima. Ila kabla ya kuingia melini treni hukatwa vipande, mabehewa yanasukumwa na kuvutwa, na kila yakigusana ni kishindo. Tulipovuka sisi, binti yangu wa miaka mitano alikuwa chini na baba yake, kaka yake wa miaka tisa katikati, na mimi juu. Kishindo cha kwanza kilinipeleka kichwa darini. Bahari yenyewe ilikuwa shwari kuliko lile kugonganisha mabehewa. Nililala macho nikiwaza: angekuwa huku juu mtoto, kishindo kile kingemkuta usingizini.

Sasa meli za kitalii. Bandari ya Nansha ilifunguliwa 2019, na picha zake zinavutia. Chumba cha watu wanne melini mara nyingi kina vitanda viwili vya kawaida, na viwili vilivyofichwa ukutani au darini ambavyo mhudumu huvishusha jioni. Hivyo ndivyo watoto hupewa. Kabla hujalipa, uliza mambo matatu: vitanda vya juu ni vingapi, vizuizi vyake vina urefu gani, na kama mtoto wako ni mdogo, kuna kitanda cha chini cha ziada au kitanda cha kichanga? Ukifika, jaribu ngazi mwenyewe, maana nyingine ni ya kutundika tu na huchomoka ikikanyagwa vibaya. Mchana waambie wakirudishe kitanda mahali pake, kisigeuke uwanja wa kuchezea. Na meli ikianza kuyumba kweli, hata mkubwa wa miaka kumi ashuke. Utandike chini. Usiku mmoja sakafuni haumuumizi mtu.

Na akianguka je? Usimnyanyue haraka. Akilalamika shingo, au hasogezi mkono au mguu, asisogezwe, piga 120. Akiwa amepoteza fahamu hata kwa dakika moja, akitapika zaidi ya mara moja, akipatwa na degedege, akiwa haamki vizuri, mboni za macho hazilingani, kichwa kinazidi kuuma, au damu au maji mepesi yanatoka sikioni au puani, mpeleke hospitali usiku huo huo. Si kesho. Yale maji si ya kuoga. Akionekana mzima, mwangalie kwa siku mbili. Kulala anaruhusiwa, ila mwamshe mara kadhaa uone anakujibu kama kawaida yake.

Limebaki lile gumu kuliko yote, kumwambia mtoto hapana. Najua machozi yake. Lakini nani alale juu ni uamuzi wa mzazi kwa umri na kwa kizuizi, haugawiwi kwa aliyelia zaidi. Mpe mdogo kitu kingine cha ukubwa: yeye ndiye mlinzi wa taa ya usiku, yeye ndiye anayeshika tiketi. Na yule mkubwa anayestahili juu, mfundishe sentensi moja kabla ya safari: "Mama, nataka kushuka." Aiseme kila akiamka, kabla hajagusa ngazi, na wewe uamke. Fanyeni mazoezi siku tatu nyumbani, taa imezimwa. Kwa Kiswahili, tafadhali, maana hata hilo ni somo la nyumbani la likizo.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa mambo ya dunia ni sawa. Kwa mtoto wa miaka minne, msimngoje. Mshusheni leo, kabla ya kulala.

Safari njema, na tuonane Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, wote tukiwa wazima.