Jangwa Lililo Juu ya Mawingu

Ukiutaja Mlima Kilimanjaro mbele za watu, wengi watakumbuka theluji ya kileleni, na wengine watakumbuka migomba na kahawa ya Wachaga huko chini. Ni wachache wanaojua kwamba kati ya msitu na barafu liko jangwa. Si jangwa la mchanga wa moto na ngamia. Ni jangwa la baridi, la mawe na vumbi la volkano, lililo zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo mawingu huyatazami kwa kuinua kichwa bali kwa kuinamisha.

Sisi tulilivuka jangwa hilo mwezi wa Februari, mume na mke, wote tukiwa tumepita miaka 40. Mmoja wetu ni muuguzi, mwingine ni mwalimu. Tulikuwa tumetimiza miaka 20 ya ndoa. Badala ya kukodi ukumbi na kuwachangisha ndugu, tuliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mitatu ili tuupande mlima ambao tumekuwa tukiuona kwa mbali siku zote. Baba wa nyumba alitaka kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mama wa nyumba alitaka kuliona jangwa.

Kutoka msituni

Tulifuata njia ya Marangu, ambayo wasafiri wake hulala katika vibanda vya mbao vyenye vitanda badala ya mahema. Ni njia yenye historia. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji juu ya mlima huu mwezi Mei 1848, wasomi wa Ulaya walimcheka, wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Wachaga hawakuhitaji kuambiwa. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, walikuwa wamesaidiwa na watu wa huku, na Wamarangu hadi leo wanamtaja kwa heshima Yohani Kinyala Lauwo, mwongozaji aliyefariki mwaka 1996.

Siku ya kwanza ni msitu mtupu mpaka kituo cha Mandara, mita 2,720. Huko kila kitu kinadondosha maji, na miti imeota ndevu za ukoga. Siku ya pili miti inafupika, inakuwa vichaka, na upepo unaanza kuuma masikio. Sehemu hizo ziliungua katika moto mkubwa wa Oktoba 2020, nasi tuliona vijiti vyeusi vikiwa vimesimama katikati ya machipukizi mapya. Jioni tukafika Horombo, mita 3,720.

Siku ya tatu hatukupanda kituo kingine. Tulitembea hadi kwenye miamba yenye mistari kama ya pundamilia, kisha tukarudi kulala pale pale Horombo. Wapo wasafiri wanaoiruka siku hii ili kupunguza gharama. Sisi tuliilipia kwa moyo mmoja, maana mwili wa binadamu hauzoei hewa nyepesi kwa amri. Unahitaji siku.

Hapo Horombo tulikutana na mimea ya ajabu. Kuna mmea mrefu kuliko mtu, wenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi. Majani yake yakifa hayadondoki. Hubaki yamelizunguka shina kama koti, yakilikinga na baridi ya usiku. Lobelia nayo hufumba majani yake jua likizama, na maji yaliyotuama ndani huganda juu tu, huku chipukizi la katikati likisalimika. Tulisimama pale muda mrefu. Kila kiumbe kimepewa namna yake ya kulinda kilicho laini ndani yake.

Uwanda kati ya ndugu wawili

Siku ya nne, muda si mrefu baada ya Horombo, tulifika mahali pa mwisho penye maji. Kuanzia hapo wapagazi huteka maji na kuyabeba hadi Kibo, kwa kuwa kule juu hakuna kijito. Kila kikombe cha chai unachokunywa Kibo kimepanda mlima kichwani au begani mwa mtu. Vijana wale walitupita na ndoo zao wakitusalimu, "Shikamoo mama, shikamoo mzee," nasi pumzi ya kuitikia hatuna.

Kisha mimea ikaisha. Mbele yetu ukafunguka uwanda mpana wa rangi ya kahawia na kijivu, wenye vilima vyekundu vya volkano, Mawenzi akiwa kulia na vilele vyake vilivyomeguka, na Kibo mbele, mviringo, amevaa kofia nyeupe iliyochakaa. Kwa hakika imechakaa: wataalamu waliolinganisha vipimo vya mwaka 1912 na vya mwaka 2007 walikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu limekwisha kutoweka.

Wazee wa Kichaga wanasimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, kwa kuwa wake ulizimika kila mara. Siku moja Kibo alichoshwa akampiga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi amejaa makovu. Tuliukumbuka mkasa huo tulipokuwa tukitembea katikati yao. Ama kweli, uwanda ule unafanana na kimya kinachokaa kati ya majirani waliogombana.

Kwa nini pawe jangwa wakati chini kuna msitu? Mawingu ya mvua huumwaga mzigo wake mwingi msituni, kabla hayajafika huku. Mvua kidogo inayofika huzama upesi kati ya mawe na vumbi la volkano. Jua la mchana linachoma ngozi, na usiku ardhi inaganda. Udongo unapoganda huinuka, na miche michanga hung'olewa mizizi. Hata hivyo tuliona vishada vya nyasi vimejificha nyuma ya mawe, ukoga wa rangi ya machungwa juu ya miamba, na kunguru wenye shingo nyeupe wakingoja makombo yetu.

Tulitembea hatua fupi, mmoja nyuma ya mwingine, bila maneno mengi. Upepo ulikuwa mkavu, midomo ikapasuka. Saa nane mchana tukaingia Kibo, mita 4,720.

Usiku wa Kibo

Kwa kimo hicho, pumzi moja inakupa oksijeni kidogo zaidi ya nusu ya ile unayoipata ukiwa Tanga au Dar es Salaam. Kuumwa kichwa kidogo ni jambo la kawaida. Lakini jioni ile Baba hakugusa chakula, na uji alioulazimisha aliutapika. Saa tatu usiku alisema, "Mama, ni uchovu tu. Saa sita tuanze."

Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 72. Kifaa peke yake hakitoshi, kwa hiyo tulichora mstari vumbini mbele ya kibanda, na Baba akaombwa autembee, kisigino kikigusa kidole, kama tunavyowapima wagonjwa. Hatua ya tatu aliyumba. Ya tano akaanguka magotini.

Mwongozaji wetu, kijana wa makamo ya mtoto wetu wa kwanza, alichuchumaa karibu naye. "Mzee, mlima haukimbii," akasema. "Utaukuta hapa hapa." Kisha akauliza kama Mama angependa kuendelea na mwongozaji msaidizi, kwa kuwa yeye alikuwa mzima na ada ilikwisha kulipwa.

Baba alikuwa wa kwanza kujibu, kwa sauti nzito ya mtu aliyelewa: "Nenda, uone kwa niaba yangu." Ilikuwa sadaka ya kweli, maana kilele kilikuwa ndoto yake, si ya mwenzake. Lakini mtu akianza kuyumba kwa ugonjwa wa mlima, ubongo wake unaweza kuwa umeanza kuvimba, na asipoteremshwa anaweza kupoteza fahamu na kufa. Tulipanda wawili, tukashuka wawili.

Alilazwa kwenye machela ya gurudumu moja, akafungwa mablanketi, akawekewa oksijeni. Vijana wanne waliishika, wawili mbele na wawili nyuma. Mwezi ulikuwa karibu kupevuka. Jangwa ambalo mchana lilikuwa la kahawia sasa lilikuwa limepakwa fedha, kila jiwe na umande wake ulioganda, na mawingu chini yetu yametanda hadi upeo wa macho. Hakuna mdudu aliyelia. Tulisikia gurudumu, pumzi za vijana, na Baba akiuliza kila baada ya muda, "Mama, upo?" "Nipo, Baba."

Kabla ya alfajiri tulifika Horombo. Kichwa kilikuwa kimepungua kuuma. Saa tatu asubuhi aliomba uji, akaumaliza, akautembea mstari bila kuyumba.

Kwa wanaotaka kwenda

Wapo waliotuuliza kama hatukuona hasara. La hasha. Jangwa tumeliona mchana na tumeliona usiku, na yule aliyekuwa tayari kutoa ndoto yake yuko nyumbani. Tungependa wengine nao walione, wakizingatia machache.

Kabla ya safari, muone daktari, hasa kama una ugonjwa wa moyo, mapafu, shinikizo la damu au selimundu. Mjamzito asubiri. Chagua ratiba yenye siku nyingi, hata kama ni ghali zaidi. Kunywa maji ya kutosha, na usitumie vileo wala vidonge vya usingizi. Ukiumwa kichwa pamoja na kichefuchefu, usipande zaidi mpaka upone. Ukiona mwenzako anayumba, anaongea ovyo, au anahema na kukohoa hata akiwa amekaa, usisubiri kupambazuke. Kushuka ndiyo dawa ya kwanza, na oksijeni husaidia tu njiani. Waulize pia wenye kampuni kama wapagazi wanalipwa vizuri na kama mizigo yao inapimwa, maana ndio watakaokubeba siku ya shida.

Na ninyi mnaosafiri wawili, ambianeni ukweli. Wengi huficha maumivu ili wasimwangushe mwenzao, na mlimani siri ya namna hiyo inaweza kuua. Kila jioni ulizaneni: umekula, umelala, kichwa kikoje? Anayeumwa ndiye apange mwendo wa wote.