Je, Akiba Haiozi?

Muhula uliopita, katika somo la fasihi simulizi, tulichambua methali isemayo "Akiba haiozi". Wenzangu wengi waliieleza vizuri: weka leo, kesho utakula. Nami naiheshimu methali hiyo, kwa sababu wazazi wangu wameishi kwayo. Lakini mimi ni mzaliwa wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo umenizoeza kuisoma methali hii pamoja na yale aliyoyafundisha Yesu kuhusu nondo, kutu na wezi katika Mathayo sura ya 6.

Goma iko chini ya Nyiragongo, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 3,470 hivi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima huo ulilipuka. Lava ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Nyumba ya babu yangu ilikuwa njiani. Miaka miwili baadaye nilizaliwa katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya jiwe lilelile lililoimeza ile ya kwanza. Baba aliweka akiba kwa miaka mingi, akanunua kiwanja Buhene, akajenga kwa matofali. Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulilipuka tena bila onyo. Hati ya kiwanja tunayo mpaka leo, ila kiwanja chenyewe kiko chini ya jiwe jeusi.

Baada ya hapo Baba aliamua kwamba pesa zitakaa benki, ziwe karo ya watoto. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini na benki zikafunga milango. Salio letu lilikuwa palepale, halikupungua hata senti, lakini halikuweza kununua hata kilo moja ya unga. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili hapa Kampala, nikiwa nimepewa wiki mbili kumaliza karo.

Kanisani nimesikia majibu mawili kwa mambo kama haya. La kwanza husema kwamba anayeomba kwa imani atalindiwa mali yake. Lakini kule Buhene shemasi wetu na jirani yake muuza pombe walipoteza nyumba usiku mmoja. Jibu la pili husema dunia hii si kwetu, basi hakuna haja ya kujisumbua kujenga. Hilo nalo huwa gumu kwa mama mwenye watoto wanaonyeshewa mvua.

Nikirudi kwenye Biblia, naona haisemi hivyo. Katika mfano wa wajenzi wawili, Mathayo sura ya 7, mvua, mafuriko na upepo vinazipiga nyumba zote mbili. Yesu hakumwahidi mwenye hekima kwamba dhoruba itampita. Na mwamba anaousema ni kuyasikia maneno yake na kuyatenda. Kwetu Goma, ambako hata mwamba huja ukitiririka, ni heri kwamba hakuwa akizungumzia jiwe.

Naomba nieleze kutenda huko kwa jambo nililoliona. Tarehe 27 Mei 2021 serikali iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe, na maelfu wakatembea kwa miguu kuelekea Sake. Huko mama mmoja tusiyemjua alitupa chumba. Hakutuuliza kabila wala dhehebu. Februari 2024 vita vilipoikaribia Sake, watu wa huko wakakimbilia Goma, na mama yule akafika kwetu na wanawe wanne na sufuria mbili. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili tu. Walilala sebuleni kwa miezi mingi, naye akaanza kuuza samaki wadogo wa ziwani na kuingia katika likelemba ya wanawake wa mtaa. Karo yangu ilipokwama mwaka uliofuata, zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika. Alimkabidhi Mama fedha zote. Zilivushwa mpaka Gisenyi, zikatumwa Kampala, nami nikaandikishwa kufanya mitihani.

Siwezi kuligeuza jambo hili kuwa kanuni. Wapo waliowapokea wageni, na zamu yao ilipofika hawakupata wa kuwapokea. Hata ujirani ni kitu cha dunia. Watu huhama, huchoka, hufa. Ninachosema ni kwamba katika miaka hiyo yote, kitu pekee kutoka mikononi mwetu ambacho moto na vita havikukifikia ni kile tulichokwisha kumpa mtu mwingine. Ndiyo maana Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timotheo, hawaambii matajiri watupe mali. Anawaonya wasiitumainie, kisha anawahimiza kugawana.

Sasa Baba ana nafasi ya kununua kiwanja kingine, na mimi kama kifungua mimba nimeombwa maoni. Shangazi anasema atakayejenga Goma tena amerogwa. Mimi nimefikiri juu ya Yeremia, sura ya 32. Alinunua shamba Anathothi kwa shekeli 17 za fedha wakati jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na hati yake ikawekwa katika chombo cha udongo ili idumu. Alijua mji utaanguka, bado akalipa, kwa sababu alimwamini Mungu aliyesema watu watarudi.

Basi nimemwandikia Baba: nunua, lakini tusikiite kiwanja hicho usalama wetu. Na ukipima vyumba, ongeza kimoja cha wageni.