Namba Nilizozitunga

Kwa miezi mitatu niliandika uongo kwenye daftari la sukari la binti yangu. Sikupitiwa siku moja. Niliandika karibu kila usiku akiwa amelala, kwa kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, nikizibadilisha ili kurasa zionekane zimejazwa siku tofauti. Naanza na hili kwa sababu nikitanguliza shida zangu, mtanihurumia kabla hamjalijua kosa.

Binti yangu ana kisukari aina ya kwanza. Tuligundua akiwa na miaka 7, hapa Mtwara, baada ya wiki kadhaa za kunywa maji bila kukata kiu, kurudia kukojoa kitandani, na sisimizi kujaa kila alipokojoa uani. Kongosho lake halitengenezi insulini, kwa hiyo anachomwa sindano asubuhi na jioni. Insulini tunapewa kliniki, nasi huihifadhi ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa, maana friji hatuna. Mashine ya kupimia nayo tulipewa bure. Siku ile nilitoka kliniki nikidhani mzigo umeisha.

Sikujua kwamba mashine si kitu bila stripi, na kila aina ya mashine ina stripi zake. Za jirani mwenye aina nyingine haziingii kwenye yako. Stripi moja hupima mara moja, kisha unaitupa. Miongozo ya kimataifa ya kisukari cha watoto inashauri mtoto apimwe mara 6 hadi 10 kwa siku. Hata ukishika ile sita, ni stripi 180 kwa mwezi. Kikopo kina 50. Kliniki yetu ilitupa kikopo kimoja kwa mwezi, na dukani kikopo hicho kilinigharimu zaidi ya shilingi 30,000. Mimi ni karani wa ghala la korosho. Kuanzia Oktoba msimu ukichanganya napata fedha. Masika ikifika naishi kwa vibarua.

Masika ile stripi ziliadimika hata kliniki. Kati ya Machi na Mei tulipata kikopo kimoja tu. Stripi saba kati ya hizo nilizifunga kwenye kimfuko cha plastiki ili mtoto aende nazo shule. Unyevu ukaziharibu, maana ni kile kikopo chenyewe, kikifungwa vizuri, kinachozikinga. Zikabaki 43 za siku 92.

Mwanzoni niliacha nafasi tupu. Kisha siku moja nikiwa kwenye benchi la kliniki nikamsikia mama mmoja akikemewa kwa daftari lililokuwa na mapengo. Aliinamisha kichwa, akafunika daftari kwa kanga. Nikaogopa nami nitaonekana baba asiyejali. Nikaogopa zaidi kwamba wakiona hatupimi, hata kile kikopo kimoja watampa mwingine. Usiku ule ndipo nilipotunga namba ya kwanza.

Sikutunga namba nzuri sana. Nilitunga za kuaminika. Asubuhi mbili nilizompima kweli alikuwa na 12.6 na 13.1, basi safu ya asubuhi nikaijaza 12, 11, 13, 12. Jioni nikaandika 8 na 7. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata zile mbili za kweli zilikuwa na walakini, kwa sababu sikuwa namnawisha mikono kwanza. Kidole kilichoshika kitu kitamu, iwe embe au bibo, huipa mashine sukari ya tunda juu ya ile ya damu.

Na kazi yangu ni kuandika namba. Korosho za wakulima hapa huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na karatasi ile ndiyo haki ya mkulima. Gunia lisilopanda mizani haliandikwi, hata kama mwenyewe anaapa na macho yanaona limejaa. Nimewahi kugombana na watu wazima kwa sababu ya kilo mbili. Ugumu huo wote niliuacha ghalani, sikuufikisha nyumbani.

Juni tukaenda kumwona daktari. Alipima kile kipimo cha sukari iliyoshikamana na damu, ambacho huonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kikatoka asilimia 10.4. Akafungua daftari kutafuta wapi sukari inapanda. Kipimo kile hakisemi ni saa ngapi. Saa zinasemwa na daftari. Akashusha kidole kwenye safu ya asubuhi, akasema, “Hapa ndipo tatizo lilipo. Anaamka na sukari juu kila siku.” Akapandisha insulini ya jioni kutoka yuniti 7 hadi 9. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilijua anasoma maneno yangu, si ya damu ya mwanangu, na bado nikakubali.

Usiku wa tatu, saa tisa, mke wangu aliniamsha. Mtoto alikuwa amelowa jasho, meno yameumana, mikono inarukaruka. Nikampima: 1.9. Tulimlaza ubavu, tukalowesha sukari kwa maji kidogo na kumpaka ndani ya shavu, tukapanda bajaji hadi hospitali. Waliomtundikia dripu ya sukari walikuwa wepesi na wapole. Kulipopambazuka alifumbua macho akamwita mama yake.

Asubuhi hiyo daktari alikuja wodini. Alimshika mtoto paji la uso, kisha akanigeukia. “Baba, unisamehe. Nadhani nilipandisha dozi haraka mno.”

Nikamjibu, “Hakuna neno, daktari.”

Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Mtu aliyefanya kazi yake kwa uaminifu aliniomba radhi kwa kosa langu, nami nikaipokea radhi ile kama mwenye haki. Nikatoka wodini nimembebesha mzigo wangu.

Ningeendelea kunyamaza. Wiki moja baadaye stripi zilikuwa zimeisha kabisa. Baada ya chakula cha usiku binti yangu alileta daftari na kalamu ya bluu, akakaa karibu yangu mkekani. “Baba,” akasema, “leo tuandike ngapi?”

Hakusema tupime. Alisema tuandike. Kumbe usiku mwingine hakuwa amelala. Alikuwa akinitazama na kujifunza kwamba ugonjwa wake unatunzwa hivyo. Huyu ni mtoto atakayeishi na kisukari maisha yake yote, siku moja bila mimi, na mimi nilikuwa nimemfundisha kujidanganya kabla hajajua kujichoma sindano.

Kesho yake nilikwenda kliniki bila kuitwa. Nikamwambia daktari yote, pamoja na kalamu mbili. Hakunifokea. Alichukua mashine, akabonyeza kitufe cha kumbukumbu, akahesabu tangu Machi: vipimo 43. Daftari lilikuwa na namba 352. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Ungeniachia nafasi tupu, nisingegusa dozi ya jioni kabla ya kujua usiku kuna nini.”

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nikiona pengo kama aibu. Kumbe kwa daktari pengo ni habari: linamwambia hapa hatujui, nenda taratibu. Namba ya uongo humwambia hapa tunajua, naye huenda kwa kasi.

Tukakaa chini na muuguzi, tukapanga namna ya kutumia stripi 50 kwa mwezi. Mara mbili kwa siku, siku tano za wiki, kwa zamu: leo kabla ya chai na kabla ya chakula cha mchana, siku inayofuata kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala, na usiku mmoja wa wiki saa tisa. Kwa mwezi hiyo ni kama stripi 47. Tatu hukaa akiba, za homa na za kutetemeka. Na akitetemeka wakati stripi hakuna, anapewa sukari kwanza, maswali baadaye. Kijiko kisichohitajika kitarekebishwa asubuhi. Ubongo uliokosa sukari hausubiri. Mpango huu haufikii anachostahili mtoto. Lakini ni wa kweli, na daktari anaweza kuusoma.

Siku nyingine ya kliniki niliwasimulia wazazi wenzangu kwenye benchi. Wa kwanza alinyamaza. Wa pili akasema kwa sauti ya chini kwamba naye hujaza usiku wa kuamkia kliniki. Yule mama wa kanga akalia. Muuguzi alipotusikia alisema jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: kila anapoomba stripi ziongezwe, huulizwa wagonjwa wanapungukiwa kiasi gani, naye hukosa cha kuonyesha, kwa sababu madaftari yetu yamejaa. Tulikuwa tukiificha njaa yetu kwa yule aliyetumwa kutuletea chakula.

Mzazi mwenzangu unayesoma haya, kama nawe una kalamu ya usiku, iweke chini. Sikulaumu, naijua hofu inayokushikisha kalamu hiyo. Acha nafasi tupu na useme kwa nini ni tupu, hata ukikemewa.

Jana safu ya kabla ya kulala ilibaki bila kitu. Binti yangu alichora kistari, akaandika pembeni kwa mwandiko wake wa darasa la nne: stripi zimeisha. Akanipa kalamu. Nikaweka sahihi yangu chini yake, kama ninavyofanya ghalani kila gunia linapotoka kwenye mizani.