Chemchemi Yetu na Maneno ya Mzee

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, ambaye huteremsha maji kutoka mawinguni akaihuisha kwayo ardhi iliyokauka. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, twapenda kuwasimulia ndugu zetu wasomaji, wazee kwa vijana, jambo lililotufika sisi wenyewe hapa Tandala, katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Hatulisimulii kwa kujisifu, maana ndani yake hamna la kujisifia. Sisi ndio tuliokosa. Lakini huenda kosa letu likawa somo kwa mwingine, na mtu aliyejikwaa gizani ni wajibu wake kumwambia anayemfuata nyuma kuwa hapa pana kisiki.

Asiyepata kufika Ukinga na ajue kuwa nchi yetu ni ya milima na baridi. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba zikaendelea hadi kuingia Mei, kisha huja miezi ya Juni na Julai ambapo alfajiri nyingine huyakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu. Milima hii ya Kipengere na Livingstone ndiyo inayogawa maji: mengine huteremkia mto Ruaha Mkuu, na mengine huteremkia Ziwa Nyasa. Basi mwenye kuiharibu chemchemi huku juu huwaharibia watu asiowajua wala hatawaona maisha yake. Wenyeji ni Wakinga, ambao zamani walisifika kwa uhunzi wa majembe, na majembe yao yaliteremka hadi Unyakyusa. Sisi Waislamu hapa tu wachache. Jirani zetu walio wengi ni Wakristo. Twashirikiana nao katika harusi na misiba, twaonana nao sokoni, na zaidi ya yote twateka maji pamoja nao.

Mwaka 2009 madrasa yetu ilikuwa nyumba ya udongo iliyovuja kila masika. Wazazi wakashauriana, ikaonekana njia nyepesi ya kupata mabati ni kupanda miti, ikikua iuzwe nguzo. Mzazi mmoja akatoa kipande cha ardhi kuwa wakfu, nacho kilikuwa kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi. Tukafyeka miti ya asili iliyokuwapo, tukapanda miche mia nne ya milingoti, ambayo wengine huiita mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi. Siku ile tuliwahadithia watoto maneno ya Bwana Mtume (s.a.w.) kuwa Muislamu akipanda mti, akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka, na kuwa hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, aupande akiweza. Tulifurahi sana siku ile.

Wakati tukiendelea na kazi akaja mzee mmoja wa kijiji, jembe begani, akasimama pembeni akatutazama. Kisha akasema:

“Kamwene, Mwalimu. Miti mnayoipanda si mibaya, ila hapa si mahali pake. Mahali hapa pana wenyewe. Babu zetu hawakukata mti hapa wala hawakulima. Na mti huu mgeni ni mlevi. Ukiisha kunywa cha juu, utashuka kunywa cha chini.”

Tulipolisikia neno lile “wenyewe”, masikio yetu yakaziba, wala hatukuyasikia yaliyobaki. Tukamjibu, “Mzee wetu, sisi hatuamini mizimu. Maji hutoka kwa Mungu.”

Akajibu kwa upole, “Nami sijasema hayatoki kwa Mungu. Nimesema hupita hapa.” Akaliweka jembe lake sawasawa begani, akaenda zake.

Miti ikakua, tena ikapendeza. Lakini mwaka wa tano, mwezi wa Oktoba, tukaanza kuona mambo. Debe lililokuwa likijaa kabla mtu hajamaliza kusoma Alhamdu, sasa likawa langoja Yasini nzima. Mwaka uliofuata hata Yasini haikutosha. Wanafunzi wetu wa kike wakawa hutumwa bondeni kutafuta maji ya udhu, na huko ni mbali na njia ni ya utelezi. Wakirudi, somo limekwisha. Akina mama wa jirani nao wakateremka bonde lile lile na ndoo zao kichwani. Hawakutuambia neno. Walijua miti ni ya nani, nasi tulijua kuwa wanajua, na kimya chao kilituuma kuliko matusi.

Tukamwendea mzee yule nyumbani kwake kumtaka radhi. Hakutucheka. Alichukua fimbo yake, akatuongoza hadi juu ya chemchemi, akatuonyesha visiki vya mivengi, miti iliyo jamaa ya mzambarau, ambayo tuliifyeka kwa mikono yetu. Akatueleza kuwa miti ile na majani yake yaliyooza chini ilikuwa ikiipokea mvua polepole, ikaizamisha ardhini, na ardhi ikaitoa kidogo kidogo kiangazi chote. Lakini mlingoti hunywa mwaka mzima bila kupumzika, na chini yake ardhi hubaki ngumu, mvua ikateleza ikaenda zake na udongo. Akatuonyesha mahali ambapo wazee walikuwa wakilima bustani za bondeni, vinyungu, na mahali walipokomea wasilime, kwa kuwa jembe likipita pale jicho la maji hufungwa. Tukaona aibu. Sisi tuliosoma chuoni na darasa la saba tulimdhani mzee huyu hana elimu kwa sababu hana kitabu.

Tukamwuliza habari ya wale “wenyewe”. Akasema, “Wako waliowaamini kwa kweli. Lakini baba yangu aliniambia hivi: mtoto ukimwambia asikate mti kwa kuwa maji yatapungua baada ya miaka mingi, ataukata, ukimwambia pana wenyewe, ataogopa.”

Ndugu msomaji, tuelewe hapa. Hatusemi kuwa kila lililonenwa na wahenga ni dini, wala hatumruhusu Muislamu kutambikia mti au jiwe. Hiyo ni shirki, na mlango wake twaufunga. Twasema kuwa ndani ya ganda lile mlikuwa na punje, nasi tulitupa ganda na punje pamoja. Wanavyuoni wamezoea kusema kuwa hekima ni mali iliyompotea muumini. Popote aionapo ana haki nayo zaidi. Sisi tuliiona, tukaipita.

Tulipolipeleka shauri la kuikata miti mbele ya kamati ya madrasa, pakawa na ubishi mkubwa. Wengine walisema, “Miti hii ni wakfu. Imebakia miaka michache tu iwe nguzo. Vipi mali ya Mungu ikatwe changa?” Hoja hiyo haikuwa nyepesi, maana mabati yalikuwa yakingojwa na watoto walikuwa wakilowa. Tukawakumbusha misingi miwili. Wa kwanza ni kuwa katika dini yetu hapana kudhuru wala kulipizana madhara, na wakfu haumhalalishii mtu kumdhuru jirani yake. Wa pili ni kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Sisi tulikuwa tumechukua fungu la washirika wenzetu tukaliita sadaka. Tena tukaja kujua kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za watu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Basi tulikuwa tumekosa kwa sheria ya nchi pia, wala hatukuuliza.

Miti ikakatwa mwaka 2016, ikauzwa fito kwa bei ndogo. Mabati tuliyapata miaka minne baadaye.

Lakini kukata peke yake hakukutosha, kwani kisiki cha mlingoti huchipua. Hapo ndipo tulipouona uongozi wa mzee yule. Hakuwa na cheo chochote. Ila alipokwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akaomba watu waitwe, watu walikuja. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo hujibu mbele ya mkutano wa wanakijiji. Basi mkutano ule ukapatana: hapana kulima juu ya chemchemi, hapana kuingiza ng'ombe, hapana kukata mti, na machipukizi ya milingoti yaondolewe kila mwaka na madrasa iliyoyapanda. Watoto wetu wakaokota mbegu za mivengi katika bonde la pili, wakaotesha miche kwenye makopo ukutani mwa madrasa, wakaipanda wao wenyewe, na watoto wa Kikristo wakapanda pamoja nao.

Tangu hapo tumekuwa tukiuliza na kusikiliza, tukaona kuwa jambo hili halikutufika sisi peke yetu. Mama Wangari Maathai wa Kenya alieleza kuwa utotoni kwao Ihithe, Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mkuyu mmoja kwa kuwa ni mti wa Mungu, na karibu yake palikuwa na kijito. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, alikuta mwenye shamba mpya ameukata mkuyu apate kupanda chai, na kijito kimekauka. Mama huyo ndiye aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Na hapa hapa Tanzania, Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti ikue, ikafunguliwa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Nchi ile ilikuwa imefyekwa sana, mara kwa ajili ya kuua mbung'o, mara kwa mashamba ya pamba, hata ikawa karibu na jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, nao ulifanikiwa kwa kuirudia desturi ya wazee na kuwaachia wanavijiji waisimamie kwa mabaraza yao. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa ngitili.

Basi Muislamu asidhani kuwa haya ni mambo ya makabila tu, yeye hayamhusu. Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliihifadhi nchi ya Naqii, karibu na Madina, ikawa hima, yaani malisho yaliyolindwa kwa manufaa ya umma. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka mtumishi wake Hunayya kuangalia hima, alimwusia awaruhusu wenye mifugo michache, na ajihadhari na makundi ya matajiri, hata wakiwa sahaba wakubwa, kwani mnyonge mifugo yake ikifa hana kwa kukimbilia. Huo ndio uongozi wa ardhi: kulinda, kisha kugawa kwa haki. Na ndugu zetu wa Pemba wana kisiwa cha Misali, ambacho wavuvi husimulia kuwa mtu mwema, aitwaye Hadhara, aliomba msala wa kusalia, akakosa, akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakuwa msala wake. Kisiwa hicho kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na masheikh wakasaidia kuwafundisha wavuvi kwa Kurani kuwa kuharibu bahari ni ufisadi ulioharamishwa. Wavuvi wakasikia maneno ambayo matangazo ya ofisini hayakuweza kuwasikilizisha.

Mzee wetu amekwisha fariki. Tulikwenda mazikoni, tukasimama na jirani zetu. Aliyoyajua juu ya mabonde haya, majina ya miti, mahali pa kulima na mahali pa kuacha, mengi amekwenda nayo. Yaliyobaki ni yale tuliyowahi kuyaandika katika daftari moja la madrasa. Kwa hiyo tumeweka desturi: kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, wakati wa kiangazi, watoto hutembea na mzee mmoja wa kijiji, Muislamu au asiye Muislamu, wakajifunza jina la mti, kazi yake, na mahali pake. Twawaomba walimu wenzetu na wazazi majumbani wafanye mfano wa hayo. Kila mahali pana mzee anayejua. Anangoja kuulizwa tu.

Chemchemi imeanza kurudi, haijawa kama ilivyokuwa. Oktoba iliyopita debe letu halikungoja tena Yasini. Lilijaa mtoto alipofika mwisho wa Tabaraka. Na mwisho wa sura hiyo Mola wetu atuuliza: maji yetu yakizama chini ya ardhi, ni nani atakayetuletea maji yenye kububujika? Watoto huisoma aya hiyo, wakainua debe, wakaenda kutawadha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaharibu kwa kutojua, atupe masikio ya kusikia nasaha kutoka kwa yeyote anayeitoa, na atujaalie tuwe waangalizi wema wa ardhi aliyotuamini nayo. Amin.